Jibu ni Tano, Onyesha Njia

Kijiwe cha Kizota kina benchi moja tu, nalo ni kiti cha mbele cha lori la Bedfodi lililofia hapo gereji, likanyofolewa kila kilichofaa, vikabaki kiti na mlango. Kiti kimewekwa kibarazani, mlango umeegemezwa ukutani, na katikati Tabu ametua jiko lake la mkaa, birika la kahawa na sinia ya kashata za karanga. Upepo wa Julai wa Dodoma hauna adabu. Unapuliza vumbi mpaka ndani ya kikombe, na anayelalamika huambiwa na Tabu kwamba hayo ndiyo maziwa yake. Hapa ndipo wanapokutana watu ambao nchi imewaambia wajitegemee, nao wakaitikia kwa kukaa. Shirika la mazao limeuzwa, vyama vimekuwa vingi, mitumba imejaa mpaka barabarani, kila kitu ruksa. Na kijiwe nacho kimejipa ruksa ya kujua kila kitu. Ndiyo maana siku aljebra ilipofika pale, hakuna aliyeshtuka. Walisogea tu kidogo, wakaipisha ikae.

Aliyeileta ni Gerson. Kijiwe kinamwita Bwana Stoo, kwa kuwa alikuwa mtunza stoo wa shirika mpaka siku shirika lilipouzwa, akamwaga unga pamoja na wenzake. Bwana Stoo hakuwapenda watu wa kijiwe hiki. Alikaa nao kila siku, alikunywa nao, alicheka nao, lakini moyoni aliwaona takataka zilizosukumwa na upepo zikakusanyika kwenye kona moja, na alikuwa na hakika kwamba yeye peke yake ndiye aliyefika pale kwa bahati mbaya. Siku hiyo alikuwa amevaa tai.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na benchi, lipo lile lile ghala ambalo funguo zake zilikuwa kiunoni mwake. Mwekezaji amelipaka rangi, ameweka geti jipya, na sasa anatafuta mpimaji wa mizani. Saa nane mchana waombaji wangefanya mtihani. Dorkasi, taipisti wa zamani wa shirika, alifanya na kundi la jana, akamnong'oneza Bwana Stoo kwamba hesabu za huyu bwana zina herufi, akamtajia moja. Bwana Stoo hakulala. Darasa lake la nane lilikuwa la hesabu za namba tupu, namba zilizojua kazi yake. Na nyumbani mkewe Yasinta alikuwa ameacha kumuuliza habari za kazi, ukimya ambao ulimuuma kuliko maswali. Kazi hii akiikosa, hakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

— Binti yangu Ruthu kapewa hesabu shuleni, alisema, akijikohoza. Nimeona niwaletee mchangamshe akili.

— Binti yako ndiye aliyekufunga tai? aliuliza Tabu, macho yakiwa kwenye jiko.

Bwana Stoo alijifanya hakusikia. Akachukua chaki ya fundi gereji, akaandika kwenye mlango wa lori: x + 7 = 12.

Kijiwe kikatazama.

— Kwanza huyo x anatafuta nini hapo? alisema Seth.

Seth ndiye Ruksa. Ni dalali wa karanga na ufuta, na jina alilipata kwa sababu yote yaliyokuwa yakimkimbiza kwa polisi zamani, sasa anayafanya mchana kweupe na risiti juu. Mizani yake ya sahani mbili ilikuwa miguuni pake na mawe yake ya chuma. Mzigo anaoukusanya anauingiza kwenye ghala lile la ng'ambo, meneja wa pale anamwita kwa jina, na alikuwa amemwahidi Bwana Stoo kwamba atamsemea neno. Katika wote wa kijiwe, Bwana Stoo alimdharau Ruksa zaidi. Kwa hiyo ndiye aliyemsogezea kikombe.

— Si tano? alisema Tabu.

— Nini tano?

— Huyo x. Tano na saba si kumi na mbili?

Wanaume wakacheka mpaka kiti cha Bedfodi kikalia.

— Mama Kashata, tano kila mtu anaijua, alisema Bwana Stoo. Hata mimi naijua. Lakini chini pameandikwa: onyesha njia. Jibu bila njia, sifuri.

— Nani kaandika?

— Mwalimu wa Ruthu.

— Na huyo mwalimu jibu analo?

— Analo.

— Sasa njia ya nini, kama yeye keshafika?

Hilo halikujibiwa, maana Hansadi alikuwa amesimama. Hansadi ni Nikodemo, ambaye wabunge wakija Dodoma huwa anapeleka chai kwenye vikao. Akirudi huku mtaani anakuja na lugha yao, bila posho yao.

— Mheshimiwa Mwenyekiti, alisema, akimkabili Tabu kwa kuwa ndiye mwenye birika. Naomba kutoa hoja. Ile alama ya sawasawa pale kati ni nini? Ni ule ujia wa katikati ya ukumbi. Huku wamekaa hawa, kule wamekaa wale. Na x ni mheshimiwa ambaye hayupo kikaoni. Jina lipo, sahihi ipo, mwenyewe hayupo. Mtu kama huyo hatafutwi kwa njia. Anatafutwa kwa simu.

— Kwa hiyo niandike simu? aliuliza Bwana Stoo.

— Andika kwamba suala limepelekwa kwenye kamati.

Bwana Stoo alimeza kahawa ili asimeze mtu. Hotuba zote zile, aliwaza, zimepita masikioni mwa huyu akiwa amebeba chupa ya chai, na hakuna hata moja iliyopata pa kukaa.

— Hamjui kitu, ikatoka sauti mwisho wa benchi.

Huyo alikuwa Brighton, kijana wa koti la chuo. Alikaa chuoni mwaka mmoja, chuo kikamchoka, akarudi na koti. Sasa anafundisha tuisheni sebuleni kwa dada yake Nkuhungu, na watu wanamwita Digrii, wengine kwa heshima.

— Huo ni mlinganyo, alisema Digrii. Na kanuni yake ni moja tu: hama upande, badili alama. Saba hapo ana jumlisha. Akivuka kwenda ng'ambo, anakuwa kutoa. Kwisha.

— Kwa nini anabadilika? aliuliza Tabu.

— Kwa sababu amehama.

— Lakini kwa nini akihama...

— Ni kanuni, dada Tabu. Kanuni haiulizwi kwa nini. Ikiulizwa inaacha kuwa kanuni.

Hansadi alikuwa ameruka tena.

— Hapo sasa! Amehama chama! Alipokuwa huku alikuwa anajumlisha tu: maendeleo haya, mafanikio yale. Kavuka ujia, ghafla anatoa! Kila kitu kasoro! Si tunawaona?

— Ila bado ni saba yule yule? aliuliza Ruksa.

— Yule yule, suti ile ile. Alama ndiyo imebadilika.

— Basi hiyo hesabu naielewa, alisema Ruksa, akanywa.

Digrii alikwenda mlangoni, akashika chaki. Akamhamisha saba, akambadili alama. Kisha akasimama, akatafakari, akasema kwamba saba akishahama, kumi na mbili naye hawezi kubaki amekaa tu, lazima apishe. Akamhamisha kumi na mbili. Akafuta kwa kiganja, akaandika, akafuta kwa kiwiko. Mwisho pakatokea: x = −5.

— Hasi tano, alisema, akipangusa chaki kwenye koti la chuo.

— Lakini Tabu kasema tano, alisema Bwana Stoo.

— Tabu hana njia. Mimi nina njia.

— Njia yako imefika kwingine!

— Mzee, njia ikishakuwa sahihi, jibu ndilo linalotakiwa kuifuata. Kama tano imekataa kuja, tano ndiyo yenye matatizo.

Ruksa aliinamia mlango kama mnunuzi.

— Hasi tano ndiyo nini hasa? Mimi nataka kuiona. Ni magunia mangapi?

— Ni magunia matano ambayo hayapo, alisema Bwana Stoo kwa kejeli, na papo hapo akajuta.

— Aaa! Yale ya shirika! Ruksa alipiga paja. Kwenye vitabu yapo, ghalani hayapo! Basi Bwana Stoo ndiye mwalimu wetu hapa, ameishi na hasi tano miaka yote!

Kijiwe kikaangua kicheko. Bwana Stoo alihisi masikio yakimwaka moto. Katika miaka yake yote ya funguo hakuwahi kutoka pale na hata punje kwenye upindo wa suruali, na utani huo aliuchukia kuliko njaa. Lakini Ruksa ndiye mwenye neno kwa meneja. Akacheka na wenzake, kicheko cha kukohoa.

— Na bado hamjaona tatu x, alisema Digrii, ambaye alikuwa amepata moto. Hapo tatu na x wamesimama bega kwa bega, hakuna alama kati yao.

— Wanafanya nini? aliuliza Tabu.

— Wanazidishana.

— Mchana huu?

— Unawatenganisha kwa kugawanya.

— Afadhali.

Ilikuwa zamu ya Hansadi kuipeleka mbele zaidi, na hakuwaangusha. Alishusha sauti, akatazama kushoto na kulia, ingawa barabarani kulikuwa na mbuzi tu.

— Mimi nitawaambia x ametoka wapi. Enzi zetu hesabu zilikuwa za namba tupu. Kweli si kweli, Bwana Stoo?

— Kweli.

— Wakaja wafadhili na masharti. Wakasema: punguzeni wafanyakazi. Tukapunguza. Uzeni mashirika. Tukauza. Sharti la mwisho hawakulitangaza redioni. Wakasema: na kuanzia leo kila hesabu yenu lazima iwe na kitu kimoja ambacho ninyi hamkijui. Ndio huyo x.

— Na wao wanamjua?

— Wanamjua sana.

— Yuko wapi?

— Yuko kwao.

Vikombe vikainuliwa kwa heshima ya nadharia ile. Ng'ambo, mlinzi wa ghala alianza kutoa viti, akivipanga mstari uani. Bwana Stoo aliviona. Kichwani alikuwa na simu, kamati, mbunge aliyehama chama na magunia matano yasiyokuwapo. Angeandika lipi kati ya hayo? Alijiuliza ni ujinga gani uliomfanya atafute elimu mahali hapa, na jibu alilijua: hakuwa na mahali pengine.

— Acheni porojo, alisema Ruksa, akavuta mizani yake katikati, juu ya ubao. Mimi sikusoma, mimi napima. Njia ni hii hapa. Tabu, lete karanga kwenye mfuko.

Tabu alichota karanga mbichi kutoka kwenye debe lake, akazitia mfukoni, akimtazama Ruksa kwa jicho la kumhesabia. Ruksa aliuweka mfuko kwenye sahani ya kushoto, akauongezea jiwe la nusu kilo pembeni. Sahani ya kulia akaweka jiwe la kilo mbili. Akaongeza karanga, akapunguza, mpaka sahani zikalala sawa, kisha akaufunga mfuko fundo.

— Mfuko huu hakuna anayejua uzito wake. Ndio x. Jumlisha nusu. Sawasawa na mbili. Digrii, umeona, au nikuandikishe tuisheni?

Bwana Stoo alisogea mbele. Ilikuwa mara ya kwanza siku nzima kuona kitu kinachofanana na njia, na kilimuudhi kwa kutoka kwa Ruksa.

— Sasa mimi namtaka x peke yake, alisema Ruksa. Huyu nusu ananikera. Namtoa.

Akaliondoa jiwe dogo. Sahani ya kulia ikashuka na kilo zake mbili, ikapiga ubao, pwa.

— Mnaona?

— Tunaona nini? aliuliza Digrii.

— x amepungukiwa.

— Sasa?

— Sasa mwuzaji anaongeza. Biashara ndivyo inavyokwenda.

Akachota karanga kwenye debe la Tabu, akazimimina juu ya mfuko, kiganja kwa kiganja, mpaka sahani zikalingana.

— Hapo. x ni kilo mbili.

— Karanga zangu hizo! alisema Tabu.

— Ni za elimu.

— Elimu ikiisha zirudi kwenye debe.

— Lakini huyo si x yule tena, alisema Bwana Stoo, akijitahidi kuwa na adabu. Umemnenepesha.

— Mwuzaji akipungukiwa haongezi? Wewe si ulikuwa stoo?

— Ndiyo maana anaitwa kigeu! Digrii alidakia. Anageuka! Nilikuwa nasubiri mfike hapo.

— Mimi naona ubao umeinama, alisema Hansadi. Mizani hii inapendelea upande wa serikali.

Wakauweka ubao sawa. Wakarudia. Mfuko, nusu, kilo mbili, sahani sawa. Ruksa akaondoa nusu, upande wa kulia ukaanguka, pwa, Ruksa akaongeza karanga. Wakahamia sakafuni. Pwa, karanga. Digrii akaomba ajaribu yeye kwa mkono wa kisomi. Akaondoa nusu. Pwa. Akaongeza karanga. Hakuna aliyeligusa jiwe la kulia. Huo ni upande wa mnunuzi. Tangu Ruksa aanze kupima mazao ya watu, jiwe la upande wake halijapunguzwa hata siku moja, na mkono wake haukuwa na habari kwamba unaweza kuelekea huko. Na wenzake walikuwa wamemtazama akipima kila siku mpaka wao pia hawakuwa na habari.

— Mbukwenyi.

Waligeuka. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama na punda, juu ya punda gunia la karanga. Alikuwa mtu wa Mundemu, mmoja wa wanaomletea Ruksa mzigo, na vumbi la njia lilikuwa limempanda mpaka magotini.

— Mbukwa, waliitikia salamu hiyo ya Kigogo, na Digrii na Tabu wakaongeza shikamoo.

— Mama Anna, kaa kidogo, alisema Ruksa. Nakumaliza sasa hivi.

Tabu akampa kahawa. Mama Anna akakaa kwenye jiwe kando ya jiko, akashika kikombe kwa mikono miwili, akatazama.

— Mnapima nini?

— Tunamtafuta x, mama, alisema Digrii.

— Amepotea?

— Yumo humu mfukoni.

— Si mumfungue?

— Hatumtafuti yeye, mama, tunatafuta njia ya kumpata.

Mama Anna akanywa kahawa yake polepole, kama watu wanavyokunywa nyumbani kwa mgonjwa. Ruksa akaondoa nusu. Pwa.

— Huku mmetoa, alisema Mama Anna, akionyesha kwa kidevu. Na kule mbona hamkutoa?

Ruksa alikuwa ameshainua kiganja cha karanga. Kikabaki hewani.

— Kule hakutolewi, alisema.

— Kwa nini?

Digrii akasema, Kanuni. Upepo ukapita, ukatia maziwa kwenye vikombe vyote.

Bwana Stoo aliinuka. Hakujua kama amefikiri au mkono umefikiri kwa niaba yake. Aliondoa zile karanga za juu zote, akabakiza mfuko peke yake. Kisha akapeleka mkono kulia, akaliinua jiwe la kilo mbili, na mahali pake akaweka kilo moja na nusu. Sahani zikapanda, zikashuka, zikatulia. Sawa. Hakuna aliyeongeza punje.

— Moja na nusu, alisema. x ni kilo moja na nusu.

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Akaenda mlangoni, akamfuta hasi tano wa Digrii kwa tai yake mwenyewe, akaandika: x + 7 − 7 = 12 − 7. Na chini yake: x = 5.

— Unatoa huku, unatoa na kule, kiasi kile kile! Hakuna aliyehama. Hakuna aliyevuka. Saba ametolewa pande zote mbili, mizani haikutikisika, x amebaki peke yake. Hiyo ndiyo njia!

— Tano yangu hiyo, alisema Tabu.

— Yako, dada. Ila sasa ina njia.

Hapo angekaa. Mtihani alikuwa nao mkononi, viti uani vilikuwa vimekwisha kupangwa, na Ruksa mwenyewe alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali. Lakini mtu aliyekaa mwaka mzima kwenye kiti cha lori lililokufa, akichekewa magunia yasiyokuwapo, hawezi kuipata chaki mara moja akaitua. Alitaka waone. Alitaka hasa Ruksa aone.

— Chukueni gunia la mama huyu, alisema, kwa sauti ya kufundishia. Karanga zake ndizo x. Jumlisha gunia lenyewe. Sawasawa na mizani inavyosema. Mnataka karanga peke yake? Mnatoa gunia huku, mnatoa gunia kule. Mnabaki na x. Rahisi!

— Gunia mnatoa kilo ngapi? aliuliza Mama Anna.

— Tatu, alisema Ruksa haraka. Kama siku zote. Haya mama, lete punda nikupimie uwahi jua.

— Gunia tupu lina kilo tatu?

— Ndivyo kila mahali. Hata pale ghalani ni tatu.

— Nauliza gunia. Lina tatu?

— Swali zuri sana, alisema Bwana Stoo, naye akawa hasikii tena ila chaki yake.

Alivuta gunia moja tupu kutoka kwenye lundo la Ruksa, akalikunja, akaliweka kwenye sahani ya kushoto. Kulia akaweka kilo mbili na kilo moja, tatu. Gunia likaruka juu. Akaondoa moja, zikabaki mbili. Gunia halikushuka. Akaondoa mbili, akarudisha moja. Sahani zikalala sawa, kimya, bila pwa.

— Moja, alisema Bwana Stoo.

Ndipo alipojisikia. Aliisikia ile moja ikitoka kinywani mwake, ikapita juu ya kichwa cha Tabu, ikakaa mbele ya Ruksa. Akageuka taratibu. Ruksa alikuwa akimtazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha.

Hansadi akasogea mbali kidogo na mizani.

— Basi gunia la leo toa moja, alisema Mama Anna.

— Leo moja, mama, alisema Ruksa kwa upole. Kwa heshima ya mwalimu.

Akampimia gunia lake kwenye mizani ya kuning'inia mlangoni mwa gereji, akatoa moja, akamaliza naye vizuri, shukrani kwa shukrani. Kisha akarudi kukusanya mawe yake, moja moja, akiyapangusa vumbi kwa kidole gumba.

— Bwana Stoo, alisema, bila kuinua uso. Kule nilikuwa nimewaambia kwamba nina mtu anayejua kupima.

— Ndiyo, Seth. Nashukuru.

— Sitakuangusha. Nikionana na meneja nitamwambia ukweli. Unajua. Unajua kuliko wanavyohitaji.

Bwana Stoo alitaka kusema kwamba ilikuwa hesabu ya Ruthu tu. Alijichukia kwa kusema ile moja, na alijichukia zaidi kwa kuwa sasa hivi, mbele ya mizani ile ile, alikuwa anatamani angesema tatu.

Tabu aliinamisha birika kwenye kikombe chake. Yakatoka matone mawili na machicha.

— Imekwisha, alisema.

Ng'ambo mlinzi akapuliza filimbi. Watu waliokuwa wamejibanza ukutani wakaanza kusogea getini, wengine na mashati yaliyopigwa pasi mikono tu. Bwana Stoo akaikung'uta tai yake. Ilikuwa imejaa chaki, na kadiri alivyoikung'uta ndivyo weupe ulivyozidi kuenea.

Mama Anna alikuwa amemshika punda wake kamba, tayari kuondoka, akasimama.

— Baba. Hao wanaoitwa pale ndio wanaotafutwa kwa kazi ya mizani?

— Ndiyo, mama.

— Mimi nina gunia jingine nyumbani. Wiki ijayo nalipeleka hapo hapo ghalani, nisimsumbue Seth. Nitakukuta wewe?

Bwana Stoo alimtazama Ruksa. Ruksa aliyatazama mawe yake. Digrii aliutazama mlango wa lori, ambapo x alikuwa bado ni tano, na njia yake yote juu yake. Hansadi akaupindua mdomo wa kikombe kuhakikisha kwamba kweli hakuna kitu.

Filimbi ikalia mara ya pili. Bwana Stoo akakaza tai, akashuka kibarazani, akaingia barabarani bila kumjibu mtu. Walimtazama mpaka geti lilipofunguka upande wa pili na kummeza.

— Kavuka, alisema Digrii.

— Basi ngojeni, alisema Hansadi. Tuione alama.